Aliyebaki Katikati ya Ujia

Ndani ya lile jengo la vitambaa neno kubwa lilikuwa moja tu: "Mgongo."

Ukilisikia nyuma yako unahamia kushoto. Hugeuki kuangalia ni nani, huulizi kuna nini, wala humalizi kwanza ulilokuwa ukimwambia mwenzako. Unahama mpaka bega liguse meza ya mtu, unasubiri robota lipite, ndipo unaendelea na maisha yako. Wanaokuja kwa mbele nao wanahamia kushoto kwao, na ujia unafunguka katikati kama kitambaa kilichopitishiwa mkasi.

Hiyo haikuwa adabu ya kupendezesha watu. Mchukuzi wa pale alibeba robota mgongoni, limeshikwa na mkanda mpana wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, naye ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Anachokiona ni sakafu na visigino. Akisimama ghafla, mzigo hausimami. Unamalizia safari juu yake. Kwa hiyo kazi yake yeye ni kuita, na kazi ya wengine ni kusikia. Aliyebeba bila kuita alivuliwa mkanda na kutolewa jengoni, na hakuna aliyewahi kurudi. Na asiye na mzigo hakuita kamwe. Vijana wawili wa duka la nyuzi waliwahi kuita kwa mchezo, waone watu wanavyoruka. Walisakwa mpaka chooni.

Mgeni alijulikana kwa shingo. Akisikia "mgongo" anageuka kutafuta kinachosemwa, katikati ya njia, ametoa macho. Basi mwenyeji aliye karibu anamkamata mkono wa shati na kumvutia ukutani kama mtoto, wala haombi radhi. Mtu akishavutwa hivyo mara mbili tatu, anajifunza. Asiyejifunza ananunua vitambaa vyake kwingine.

Winchi alikuwa amejifunza zamani, akiwa bado hana ndevu. Jina hilo alipewa na wachukuzi wenzake kwa sababu ya shingo yake, nene na fupi, iliyoweza kunyanyua robota la watu wawili. Sasa alikuwa baba wa watoto wanne, kipara kimefika utosini, na shingo bado ilikuwa ileile. Kilichomwacha mkono ni masikio.

La kushoto lilianza kwa mluzi mwembamba, kama wa birika lililosahauliwa jikoni. Mluzi ukakaa, ukakaa, halafu siku moja ukanyamaza, na kila kitu upande ule kikanyamaza nao. La kulia lilibaki nusu. Chumbani, mtu akisema karibu, alisikia vizuri. Ndani ya jengo, penye cherehani, redio za kila kibanda na watu wanaobishana bei, sikio hilo lilisikia uji mtupu. Sauti zote zimechemshwa pamoja.

Hakumwambia mtu. Mchukuzi asiyesikia mgongo ni hatari kuliko yule asiyeita, na hilo alilijua bila kufundishwa. Akajitafutia njia. Akiwa hana mzigo alitembea kushoto kabisa, akiburuza bega kwenye meza za watu. Macho yake hayakutoka kwenye mabega ya waliokuwa mbele: yakihama, naye anahama. Aliazima masikio ya watu kwa macho, na kwa muda mrefu hakuna aliyegundua kwamba amekopa. Hata walimsifu. "Winchi siku hizi ana adabu," walisema. "Hata kupita katikati hataki."

*

Siku ile bizimu ya mkanda wake ilifyatuka.

Alikuwa anarudi mikono mitupu kutoka ghorofani, jengo limefurika. Mbele ya kibanda cha Mama Vifungo, mwanamke mnene mwenye ulimi, aliyekaa kwenye kigoda na kunyoosha miguu mpaka nje ujiani, Winchi akahisi mkanda wa paji la uso unateleza na kuanguka. Alitaka kusogea kushoto. Kushoto kulikuwa na majora ya kitambaa yamepangwa mpaka kifuani. Mwenye nayo alikuwa bado anabishana na mtu. Winchi akasema moyoni, sekunde moja tu. Akainama palepale katikati, akashika bizimu.

Alipoinama hakuona tena mabega ya mtu. Aliona sakafu, mkanda, na soksi za kijani za Mama Vifungo zikirudi chini ya kigoda. Akafikiri, mama wa watu amenipa nafasi.

Kisha upepo ulimpita begani. Kitu kizito kilimkwangua, na alipoinua kichwa robota lilikuwa limelala upande wa pili wa ujia. Chini yake miguu miwili ya mwanamume ilikuwa inatafuta sakafu, na mbele yake Mama Birika, anayewauzia chai watu wa ghorofa ya chini, alikuwa amekaa sakafuni ameshika mguu wake kwa mikono miwili. Birika lilikuwa pembeni, mdomo juu, linatoa mvuke. Mama Birika alikuwa amefungua kinywa wazi. Winchi alimwona analia. Sauti ilimfikia baadaye, ndogo, kama inatoka nyumba ya jirani.

Chini ya robota walimtoa Mnong'ono.

Mnong'ono alikuwa mchukuzi wa makamo kama yeye, mrefu, mpole, na sauti yake ndiyo iliyompa jina. Hata akigombana ungedhani anamwombea mtu dua. Alikuwa anatoa robota la mteja nje, akaona visigino vya Winchi vimesimama mbele yake, akapinda kulia ili asimvunje mgongo, na kulia ndiko Mama Birika alikokuwa anakuja.

Mama Birika alibebwa kupelekwa hospitali. Ngozi ya mguu ilikuwa imeanza kutoka pamoja na soksi, na mtu mmoja aliyeiona akaenda kutapika kwenye ndoo ya mfagiaji. Ndipo Nyapara akafika.

Nyapara ndiye aliyekuwa mkuu wa wachukuzi, na alikuwa kaka wa mke wa Winchi. Mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi.

"Aliita?" akauliza.

Watu wakatazamana.

"Mama Vifungo, wewe umekaa hapa kama mnara. Aliita?"

"Mimi sijui, baba. Kutwa nzima watu wanaita hapa, mwili unahama wenyewe. Ukiniuliza kaita nani na saa ngapi, utakuwa unanionea."

"Niliita," akasema Mnong'ono. Damu ilikuwa inamtoka puani.

"Hata hilo tumelisoma kwenye midomo," mtu mmoja akasema kwa nyuma, na wengine wakacheka kile kicheko cha watu walioogopa.

Nyapara akamgeukia Winchi, akasogea mpaka karibu. "Shemeji. Wewe ndiye uliyekuwa mbele yake. Ulisikia mgongo?"

Winchi aliangalia robota, akaangalia birika.

"Sikusikia," akasema.

Na ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilimtoka kwa urahisi.

"Kama Winchi hakusikia, basi hakukuitwa," akasema Nyapara. "Huyu ndiye mwenye adabu kuliko nyote humu." Akanyoosha mkono, na Mnong'ono akavua mkanda wake kichwani, akampa. "Keshokutwa asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, tunakaa kikao hapahapa. Mpaka hapo usiguse mzigo."

*

Jioni ile Winchi alipokuwa anatoka, Mnong'ono alimfuata, akatembea naye mpaka getini. Alitembea upande wa kushoto.

Winchi aliona kwa pembe ya jicho kwamba mwenzake anasema. Mkono ulikuwa unapanda na kushuka. Angeweza kusimama na kugeuza uso. Angeweza kusema, hebu hamia upande huu. Lakini watu walikuwa wengi, wanatoka pamoja, bega kwa bega, na mtu anayesimama pale mlangoni anatukanwa. Akafanya alilozoea kufanya siku zote, akaitikia kwa kichwa. Mnong'ono akasema tena, akaitikia tena. Getini Mnong'ono akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaubana, macho yamelowa, akaenda zake.

Winchi akabaki anautazama mkono wake. Hakujua amekubali nini.

Kesho yake alipewa mizigo ya watu wawili, kwa sababu Mnong'ono hayupo. Hakulalamika. Mzigo ulimpa kitu cha kufikiria. Alipanda na kushuka, anaita kwa kifua kizima, "Mgongo! Mgongo!" na visigino mbele yake vikihama, viatu vya kila rangi, vinakimbilia kushoto kama kuku.

Alipofika kwa Mama Vifungo, ameinama, jasho linamdondoka puani, akaita. Soksi za kijani zikarudi chini ya kigoda.

Winchi akaendelea hatua chache. Halafu akapunguza mwendo, akaegemeza robota kwenye nguzo.

Zilikuwa soksi zilezile, mwendo uleule, kwenye sakafu ileile aliyoiona ameinama. Lakini jana hakuwa na mzigo. Jana hakuita. Mtu mwenye mikono mitupu anapita, na Mama Vifungo hamvutii miguu mtu wa namna hiyo hata awe mkwe wake. Unaizunguka miguu yake kama jiwe la njiani na anakutukana ukiikanyaga. Basi miguu ile jana ilirudi kwa sababu gani?

Jibu lilikuwa moja. Mnong'ono aliita. Kwa sauti yake ileile ya kuombea dua, aliita, na mwili wa Mama Vifungo ukasikia hata kama kichwa chake hakikukumbuka. Ujia mzima ulisikia. Asiyesikia alikuwa mmoja.

"Winchi, umelala?" mwenye duka akapiga kelele mbele yake. "Hilo robota si godoro."

Akajikaza, akanyanyua.

Mchana Nyapara alimwita pembeni, kwenye kona wanakoweka mifagio. Alimpa chupa ya maji, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Kesho usinitie maneno mengi, shemeji. Utaulizwa, utasema hukusikia, utakaa. Mimi nitamaliza."

"Mnong'ono ana watoto," akasema Winchi.

"Na Mama Birika hana? Daktari amesema vidole viwili havijulikani vitakuwaje." Nyapara akafuta uso kwa kiganja. "Simchukii yule bwana. Lakini watu wakiona mtu kaunguzwa na hakuna aliyetolewa, nani ataita tena humu ndani? Kila mtu atajipitia tu."

Winchi akanywa maji yote ili asijibu.

*

Nyumbani walikuwa na chumba na sebule. Mke wake alikuwa anakunja nguo juu ya kochi, na Winchi alipoketi, yeye akahama, akaja kukaa upande wake wa kulia. Winchi aliliona hilo kama anavyoliona kila siku. Safari hii lilimgonga.

Mezani mke wake alikaa kulia kwake. Njiani walitembea hivyo. Kitanda pia: mwaka jana alihamisha kitanda, akasema dirisha linampuliza, na toka hapo amelala upande ule mwingine. Watoto wote, hata yule mdogo, kabla hawajasema naye walimgusa kwanza bega. Alidhani ni malezi mema.

"Tangu lini unajua?" akauliza.

Mke wake hakujifanya haelewi. "Tangu mtoto alipokuwa na homa, akalia usiku kucha kwenye ubavu wako wa kushoto, na wewe unakoroma."

"Na hukusema."

"Wewe ulisema?"

Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Mnong'ono alipita hapa mchana. Alileta salamu. Anasema nikushukuru kwa ahadi."

"Ahadi gani?"

"Kwamba kesho utasimama useme aliita. Anasema alikuuliza mara mbili, ukakubali mara mbili." Akamtazama. "Hukusikia alichokuuliza."

"Alikuwa kushoto."

Chumbani watoto walikuwa wanagombania mto, lakini hilo alilijua kwa kuona pazia linatikisika.

"Aliita kweli," akasema Winchi, na akamweleza habari ya soksi.

Mke wake alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kulialia. "Nisikilize, Baba Watoto," akasema. "Mnong'ono ana masikio mawili na mgongo mzima. Akitolewa pale atabeba kwingine. Magodauni yamejaa mji huu. Wewe ukisema kesho kwamba husikii, nani atakupa hata mfuko wa vitunguu umbebee? Mimi namjua kaka yangu. Akikuvua mkanda, amekuvua. Hataniangalia mimi wala hawa watoto."

"Najua."

"Basi kaa kimya. Umeshasema hukusikia, na hukusikia. Si uongo."

"Inanisumbua kwa sababu si uongo," akasema. "Ungekuwa uongo ningeshautapika."

Mke wake akainuka na nguo zake. Alipofika mlangoni akasema neno, mgongo ameugeuza. Winchi hakulipata, na hakuuliza.

*

Asubuhi walisimama ujiani mbele ya kibanda cha Mama Vifungo, wachukuzi wote na wenye vibanda wa karibu. Taa ndefu za juu zilikuwa zimewashwa nusu. Bila wateja, bila redio, bila cherehani, jengo lilikuwa kama limevuliwa nguo, na Winchi alishangaa kwamba anasikia viatu vya watu. Doa la chai lilikuwa bado sakafuni, limeshikana na vumbi.

Mnong'ono alisimama peke yake. Plasta puani. Alipomwona Winchi alitabasamu kama mtu aliyelala vizuri, na lile tabasamu lilikuwa baya kuliko tusi.

Nyapara hakuzunguka. "Mama Birika yupo hospitali. Mguu wake mmeuona. Mnong'ono anasema aliita. Hakuna aliyemsikia. Shemeji, wewe ulikuwa mbele. Sema."

Winchi akatoka kwenye mstari.

"Sikusikia," akasema.

Tabasamu la Mnong'ono likabaki pale usoni bila mwenyewe, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Mmesikia," akasema Nyapara, akaanza kugeuka.

"Sijamaliza." Winchi alisema kwa nguvu kupita kiasi, siku hizi hakujua tena kupima sauti yake. "Sikusikia kwa sababu sisikii. La kushoto limekufa. La kulia ni nusu, na humu ndani hata nusu hiyo haipo."

Mtu mmoja akacheka. "Winchi bwana. Asubuhi yote hii umeshaanza utani."

"Shemeji ana uchovu," akasema Nyapara upesi. "Jana kabeba sana. Tuendelee."

"Mama Vifungo," akasema Winchi, "siku ile nilikuwa nimeinama hapa, sina mzigo. Ulivuta miguu. Ulinivutia mimi?"

"Nikuvutie wewe kwani wewe nani?" akasema Mama Vifungo. Kisha akashusha macho. Aliangalia miguu yake kama miguu ya mtu mwingine. "Nilivuta," akasema taratibu. "Ee. Nilivuta kweli."

"Basi aliita," akasema Winchi.

Minong'ono ikaanza kupita kati ya watu, na Nyapara akainua mikono. "Hayo ya soksi si ushahidi. Mtu anavuta miguu kwa kuwashwa. Na kama husikii, mbona mwaka mzima hujagongwa hata mara moja? Unataka kumwokoa mwenzako, huo ni moyo mzuri, lakini usitufanye watoto."

Winchi aliona kwamba hatasadikika. Watu waliokuwa wamemsifu adabu hawakuwa tayari kuambiwa kwamba ile adabu ilikuwa ugonjwa. Akampita Nyapara, akasimama katikati ya ujia, uso kwa watu, mikono imening'inia.

"Washeni redio zenu," akasema. "Na cherehani. Halafu Mnong'ono aende nyuma yangu, umbali autakao yeye. Aite akitaka."

Hakuna aliyesogea. Kisha Mama Vifungo akajikokota, akaingia kibandani, akawasha redio yake. Mwingine akawasha. Cherehani moja ikaanza kukanyagwa, ya pili ikafuata. Sauti zikapanda, zikachanganyikana, na Winchi akasikia uji wake ule wa siku zote unachemka. Alimwona Mnong'ono akimpita ubavuni kwenda nyuma. Baada ya hapo hakumwona tena.

Akasubiri, amekaza macho ukutani juu ya vichwa vya watu, kwa sababu hakutaka kuazima. Aliahidi moyoni kwamba safari hii hataazima. Kijasho kilimshuka mgongoni. Akafikiri, pengine bado hajaita. Akafikiri, pengine sikio la kulia litanihurumia leo, litashika hata kipande.

Chini ya macho yake kitu kikasogea.

Akashusha uso. Wachukuzi wote, wenye vibanda, mfagiaji na fagio lake, Mama Vifungo na redio yake mkononi, hata Nyapara, walikuwa wamehama. Hawakuamua. Miili ilihama yenyewe, kushoto kwao, bega kwa meza, kama inavyohama kutwa nzima kila siku, bila mzigo wowote kuwapo. Ujia ulikuwa wazi kutoka mwisho hadi mwisho, na ndani yake alisimama mtu mmoja.

Redio zikazimwa moja moja. Walijitazama walipo, wakamtazama yeye alipo. Hakuna aliyetafuta neno la kuchekesha.

Mnong'ono akaja kutoka nyuma, akamgusa bega la kulia, na akasimama mbele yake ili aone midomo. "Niliita mara tatu, kaka," akasema.

Winchi akaitikia kwa kichwa. Safari hii alijua anakubali nini.

Nyapara alikuwa na mkanda wa Mnong'ono mfukoni. Akautoa, akamrudishia bila kumtazama. Kisha akaja mbele ya shemeji yake, na kwa muda mkono wake haukujua pa kwenda.

"Ungeniambia nyumbani," akasema.

"Ungenikataza."

"Ningekukataza." Aliikunja midomo. "Mimi nitamwambia nini dada yangu?"

"Dada yako anajua. Kila mtu kwangu anajua. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua kwamba wanajua." Winchi akafungua bizimu, ileile iliyofyatuka, akautoa mkanda. Ngozi yake ilikuwa imekuwa nyeusi na laini pale ilipopita kwenye paji lake miaka yote. Alimwekea Nyapara kiganjani, kwa sababu aliona mwenzake hawezi kuunyooshea mkono. "Mwambie Mama Birika nitakwenda leo. Nitamwambia mwenyewe."

Nyapara alisema jambo, labda la kazi ya mlangoni, labda la pole. Alilisema ameinama.

*

Milango ilifunguliwa kabla Winchi hajafika nje. Watu waliingia kwa kishindo, wanawake na mifuko yao mitupu, mafundi, wenye maduka ya mbali, na yeye alikuwa anakwenda kinyume chao. Alishika kushoto. Alizoea kushika kushoto. Lakini kichwa hakikuwa na mkanda na kilikuwa chepesi vibaya, kikageuka geuka kuangalia vibanda, taa, majora, mambo ambayo miaka yote alikuwa ameyapita ameinama. Duka la nyuzi lilikuwa na dari lililochorwa maua. Hakuwahi kujua.

Akasimama kulitazama.

Mkono ukamkamata shati kwa nyuma na kumvuta ukutani, kwa nguvu, bila kuomba radhi. Mgongo wake ukagonga meza. Alikuwa Mama Vifungo, anapumua kwa shida. Alikuwa amemfuata njia nzima, na redio bado iko kwapani. Hakumwachia. Alimshikilia vilevile mkono wa shati kama wanavyoshikwa wageni.

Robota likapita mbele yao. Chini yake mtu mrefu ameinama, plasta puani, mkanda kwenye paji la uso, macho sakafuni. Hangeweza kuona sura ya mtu yeyote. Lakini viatu vya Winchi aliviona, kwa sababu mzigo ulipofika usawa wa Winchi ulipunguza mwendo kidogo, ukayumba, kama unataka kusimama.

Nyuma yake kulikuwa na robota lingine. Ikabidi aendelee.